Hesabu ya Siku Nne

Mghoi, mdogo wangu, umeniuliza tulitumia ngapi.
Daftari ninalo hapa, lile la duka,
jalada lina doa la mafuta taa. Nakusomea.

Usiende Desemba. Desemba hata kivuli kina bei.
Sisi tulishuka Miritini Jumanne ya pili ya Februari,
viti vya kutazamana, magoti kwa magoti na wageni,
kimanga kwenye jani la mgomba, kina joto bado tangu Voi.
Muuza chai wa treni alipopita
Mwandoe alimwonyesha chupa yetu kama kitambulisho.

Stesheni wakikuita "mama mgeni," usigeuke.
Tembea kama mtu aliyeacha sufuria mekoni.

Lala Majengo, si ufuoni.
Bi Rukia ana chumba cha uani,
feni inakohoa lakini inazunguka,
maji ni ya kuchota.
Mlipe siku nne kwa mpigo, atakupunguzia.
Ila salimu kwanza. Uliza hali, uliza watoto, lalamikia joto,
ndipo uulize bei. Huko bei huanzia kwenye salamu,
na asiyesalimu hulipia ukimya wake.

Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi,
kwenye benchi wanapokula wapagazi wa Marikiti.
Hapo hakuna bei ya mgeni; mgeni hafiki.
Dafu nunua moja, omba vijiko viwili.

Ngome tuliitazama kwa nje.
"Ukuta wa nje nao ni wa Mreno yuleyule," alisema Mwandoe,
akaupapasa kama anayepima mbuzi wa kununua.
Nilitaka kuingia.
Hilo halimo daftarini.

Siku ya tatu, tuokoe nauli ya tuktuk,
tukatoka Kongowea kwa miguu, jua la saa saba,
na katikati ya daraja la Nyali
kiatu chake kikafungua mdomo.
Nusu ya soli ikawa inabaki nyuma, kama mke aliyenuna.
Fundi wa Mwembe Tayari alikitazama kiatu,
akatutazama sisi, akasikia lafudhi ya mlimani:
mia tatu na hamsini.
Tulikuwa tumesahau kusalimu.
Nauli tuliyookoa ni mia na sitini.
Hapa nimepiga mstari mwekundu.
Rahisi ghali, Mghoi. Wahenga nao walivaa viatu.

Sasa sikiliza, hili ndilo nililotaka kukuambia.
Likoni, mwenda kwa miguu halipi feri.
Gari linalipa. Wewe hulipi hata ndururu.
Siku ya nne tulivuka mara sita.
Ng'ambo, kisiwani, ng'ambo, kisiwani,
kati ya baiskeli za mkate na mkokoteni wa machungwa,
mtoto wa shule akikariri saba mara nane, anakosea, anaanza upya,
na Mwandoe, ambaye hajanishika mkono mbele za watu
tangu mahari ilipokwisha kulipwa,
akanishika pale chuma kinapotetemeka,
eti nisianguke.
Meli ya makontena ilipita, ndefu kama mtaa;
feri yetu ikasimama kuipisha.
Mara ya tano askari akatuuliza,
"Wazee, mmepotea?"
"La," akajibu mume wangu, kifua mbele. "Tunatalii."

Usiku aliniomba kalamu.
Unajua mwandishi ni mimi; yeye herufi zake
hutawanyika kama maharagwe ya kupanda.
Ukurasa ni huu:
Mahamri, themanini. Kiatu, unajua.
Feri, mara sita, watu wawili: sufuri.
Akafikiri kidogo.
Akachora sufuri ya pili
ubavuni mwa ile ya kwanza, zikagusana.

Basi nenda Februari, na mumeo.
Viatu, shona kabla hamjaondoka.